Namba 65535 kwenye Sura ya Nne

Sentensi iliyonivuta ilikuwa kwenye rasimu ya tasnifu, ikitoka kwenye printa ya duka moja la steshenari mjini Morogoro. Ilidai kwamba mkulima kuwa mwanamke hakuongezi wala hakupunguzi mavuno ya mahindi, na kwamba jambo hilo ni la uhakika usio na shaka, kwa kuwa thamani ya t ni 65535. Mwenye rasimu, kijana wa mwaka wa mwisho, alikuwa ameikoleza namba hiyo kwa wino mzito.

Waliopita kwenye somo la takwimu wanajua: t ikivuka 2, mtafiti anaanza kutabasamu. Ikifika 50 inafaa ajiulize kama data yake ni nzima. Sasa 65535?

"Hiyo siyo t, mdogo wangu," alisema dada mwenye duka. Alisomea takwimu, ajira haikuja, akafungua duka. Asubuhi anatoa kopi za vyeti. Jioni wanafunzi wanamletea data zao. "Hapo Excel imekwama, na badala ya kusema imekwama imekuandikia namba. Fungua data yenyewe, achana na Word."

Dodoso la kijana lilikuwa na swali la jinsia. Wakati wa kuingiza majibu alitengeneza kolamu mbili: Mwanaume, 1 au 0, na Mwanamke, 1 au 0. Zikafuata umri, miaka ya shule, ekari na mifuko ya mbolea. Magunia aliyovuna kila mkulima yalikaa kolamu ya peke yake.

Dada aliweka kidole kwenye kioo. "Mstari huu, Mwanaume ni 1. Mwanamke?"

"Sifuri."

"Huu, Mwanaume sifuri?"

"Moja."

Akaifunika kolamu ya Mwanamke kwa kiganja na kuendelea kushuka, mstari baada ya mstari. Kijana alijibu yote bila kuona, na alipofika katikati ya ukurasa akaanza kucheka. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

Rigresheni ya vigeu vingi inauliza hivi kuhusu kila kigeu: hiki kikipanda na vingine vyote vikabaki vilivyo, mavuno yatabadilika kiasi gani? Kwa mbolea ni swali zuri. Kwa Mwanamke halina jibu, maana kolamu hiyo haiwezi kutoka 0 kwenda 1 huku ya Mwanaume ikibaki pale pale. Excel ikikutana na hali hiyo huiangusha kolamu moja kimyakimya. Inaipa koefisienti 0 na kosa sanifu 0, na sifuri kwa sifuri haigawanyiki. Kwenye nafasi ya t inatua 65535, na jirani yake, panapotakiwa kukaa thamani ya P, panatokea #NUM!.

Kwenye jedwali la kijana #NUM! haikuwepo. Aliifuta. "Niliona inachafua," alisema.

Namba yenyewe haina undugu wowote na mahindi. Chukua mbili, uzidishe mpaka ziwe mbili 16, utoe moja: hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye biti 16. Programu nyingine zina adabu zaidi. R huandika NA. Stata hutamka kwamba imekiacha kigeu, SPSS hukitaja kwenye jedwali la vilivyoondolewa. Kwa nini basi Excel, ambayo mwanafunzi asiye na hela ya programu nyingine ndiyo anayoikuta kwenye kompyuta, iuvike mkwamo wake mavazi ya ushindi?

Dada ana malalamiko yake mengine, na aliyatoa huku akichapa. Chombo cha uchambuzi kimefichwa, lazima ukakiwashe kwenye Add-ins. Vigeu huru visizidi 16, na kolamu zake zikae pamoja bila kuachana. Mipaka ya asilimia 95 inachapwa mara mbili, "halafu mtu ananiuliza tofauti yake ni nini, wakati ni kitu kile kile."

Kinachomuudhi zaidi ni kwamba matokeo hayo hayana uhai. "Ukirekebisha data leo, jedwali linabaki la jana. Mtu anasahihisha ekari, harudii rigresheni, anakwenda kutetea namba za wakulima ambao hawamo tena. Ukitaka inayojibadilisha tumia LINEST, lakini nayo inapanga koefisienti kinyumenyume, ya kolamu ya mwisho ndiyo inaanza. Nimeona umri umepewa sifa za mbolea."

Sura ya Nne, yaani matokeo, haandiki. Wapo wanaomwomba, na wengine wanapandisha dau. "Mashine nakuendeshea, maana hata chuoni wangekuonyesha. Ila ukija kuulizwa, utajibu wewe." Kama mpaka huo unatosha, wahadhiri niliozungumza nao hawakubaliani.

Walifuta kolamu ya Mwanamke, wakarudia. Koefisienti ya Mwanaume haikubadilika. Ilikuwepo tangu mwanzo, mstari mmoja juu ya ile 65535, ikieleza tofauti ya magunia kati ya wanaume na wanawake, mengine yakiwa sawa. Thamani yake ya P ilikuwa juu ya 0.05. Kijana alikuwa ameiruka kwa sababu haikumvutia.

"Sasa dada, niandike nini?"

"Andika kwamba kwa wakulima uliowahoji, data haikuonyesha tofauti ya kutosha. Usiseme hakuna tofauti."

"Lakini msimamizi alishaipitisha ile ya kwanza."

"Aliisoma?"

Kijana alisema imesainiwa.