Biogesi Haidai Ng'ombe

Kila ninapokutana na wakulima naulizwa: "Sina ng'ombe, gesi nitaitoa wapi?" Swali hilo limewafanya watu wengi wachome moto mabaki ambayo ni mali. Samadi ni chakula ambacho ng'ombe ameshajichukulia kilicho bora. Thamani yake kubwa ni vijidudu vilivyomo, vilivyozoea kuishi pasipo hewa. Ichukue kama mbegu ya kuanzishia mtambo. Kilo ya ugali uliolala hutoa gesi nyingi mara kadhaa kuliko kilo ya samadi mbichi.

Tatizo la vyakula laini ni kasi. Tangini mna vijidudu vinavyogeuza wanga na sukari kuwa asidi, na vingine vinavyomalizia kazi hadi kupatikana methani. Vya kwanza vina pupa, vya pili ni vya polepole na havivumilii uchachu. Ukimwaga gunia zima kwa mkupuo, asidi hurundikana, pH hushuka chini ya 6.5, na moto jikoni hufifia. Hapo ndipo hutokea muuzaji wa "dawa ya kuongeza gesi". Mfukuzeni! Mtambo uliovimbiwa hautaki unga wa kopo. Acha kuulisha siku kadhaa, utie samadi mbichi, kisha urudie kidogo kidogo.

Maranda ya mbao yaacheni. Lignini yake, ile inayoupa mti ugumu, haivunjiki humo tangini. Migomba, majani ya viazi na mabaki ya mboga yangestahili maelezo yake, lakini mkonge unanidai nafasi.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake hutoka kama singa. Kilichobaki, nyama ya jani na maji yake ya kijani, kwa miaka mingi kilikuwa taka ya kutupa. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kukigeuza umeme. Kazi yenyewe ina mitego. Nyuzi fupi zinazoponyoka kwenye korona huelea, hujisokota kwenye vikorogeo na kufanya utando mgumu juu ya tope, gesi ikakwama chini. Lazima zichujwe kwanza. Tena korona hutumia maji mengi, kwa hiyo mabaki hufika yakiwa mepesi tayari. Anayeongeza maji "ili yaoze vizuri" anavisukuma nje vijidudu vya methani kabla havijazaana.