Dawa ya Mtoto, Dawa ya Kuku, Maji ya Mto

Juma hili tuzungumze juu ya antibiotiki, zile dawa za kuua mikrobe kama amokisilini na tetrasilini. Katika nyumba nyingi, mtoto akipata homa, vinanunuliwa vidonge vichache vinavyolingana na pesa iliyopo. Homa ikishuka, vinavyobaki vinawekewa mdogo wake. Kuku wakisinzia, kapsuli ileile inafunguliwa katika maji yao.

Dawa kidogo inaua mikrobe dhaifu tu. Zile ngumu zinabaki na kuzaana. Zinatoka bandani na chooni, mvua inazipeleka mtoni au kisimani, kisha zinarudi nyumbani ndani ya ndoo.

Jambo hili liko kwetu. Mwaka 2019 wanasayansi walieleza aina ya Salmonella iliyopatikana katika damu ya wagonjwa hapa Congo: inashinda karibu dawa zote za kuitibu, hata sindano ya seftriakisoni. Salmonella ya damu inashika hasa watoto wadogo, wenye malaria au utapiamlo. Mama anafika hospitali mapema, sindano inachomwa, na mtoto haponi.

Septemba 2024, nchi za Umoja wa Mataifa ziliahidi kupunguza vifo vinavyotokana na mikrobe sugu kwa asilimia 10 kufika 2030. Daktari peke yake hataweza. Wa mifugo na wa maji wana sehemu yao, na sisi tuna yetu.

Tuyapeleke haya kwenye likelemba zetu:

– Homa ipimwe kwanza. Malaria ina dawa yake, na mafua hayahitaji antibiotiki.
– Dawa aliyoandika muganga itumike siku zote alizosema, wala isigawanywe.
– Ugonjwa wa Newcastle, unaomaliza kuku wa kijiji kizima, ni wa virusi. Antibiotiki haiugusi, kinga yake ni chanjo.
– Mnyama akipewa dawa, tumuulize daktari wa mifugo tungoje siku ngapi kabla ya kula au kuuza mayai, maziwa na nyama.
– Samadi na choo viwe mbali na kisima. Tunawe mikono kwa sabuni.

Na viongozi wa afya, mifugo na maji tuwaombe wakae meza moja, wamama wakiwemo. Sisi ndio tunaolea mtoto, tunaolisha kuku na tunaochota maji.