Haidrojeni, Mpango wa Kituo, na Neno "Gesi"

Kizota, iliyo kando ya barabara iendayo Singida kutoka mjini Dodoma, ni mahali pa viwanda na maghala, na humo mna maghala ya nafaka ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Malori hupita usiku na mchana, na nyumba za watu zi karibu. Mahali kama hapo, kituo cha kujazia haidrojeni kikipangwa, swali la kwanza ni kipi kikae wapi, na kwa sababu gani.

Watu wamekwisha kuzoea kanuni za petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, na huweza kuufuata moto ulio mbali. Huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100.

Haidrojeni ina tabia nyingine. Ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi, nayo hupanda upesi. Hushika moto ikiwa katika hewa kwa kiasi cha sehemu 4 hadi 75 katika mia. Cheche ndogo mno yatosha kuiwasha, na mwali wake hauonekani vema mchana. Magarini hutiwa kwa mgandamizo wa bari 350 au 700.

Kwa hiyo hapo paa ni la kuhofiwa kuliko mtaro. Paa lisiwe na pembe za kunasa gesi. Mitungi na mashine za kushindilia zikae penye hewa wazi, nyuma ya ukuta usioshika moto. Bomba la kutolea gesi liwe refu, mbali na madirisha, nao upepo wa Dodoma, uvumao aghalabu kutoka mashariki, uangaliwe. Mpira wa kujazia uwe na kiungo kinachoachana na kujifunga, gari likiondoka nao. Kanuni za Marekani ziitwazo NFPA 2 hupima umbali kwa mgandamizo na upana wa bomba.

Lakini mpango mwema peke yake hautoshi. Tarehe 10 Juni 2019 kituo cha Sandvika, karibu na Oslo, nchini Norwei, kililipuka, kwa kuwa skrubu za kizibo cha mtungi mmoja hazikukazwa sawasawa.

Tena liko jambo la lugha. Neno "gesi" kwa wengi ni ile ya kupikia, nayo ni nzito, hutuama sakafuni. Gesi asilia ya Songo Songo ni nyepesi, na haidrojeni nyepesi zaidi. Mtu aliyefunzwa kuihofia sakafu hatatazama juu. Basi kibao kisemacho "Hatari: gesi" hakimfai jirani wa kituo. Yapasa kitaje haidrojeni kwa jina, kiseme kwamba hupanda juu, na kwamba moto wake waweza kuwapo bila kuonekana.