Je, Wajua? Kisiwa Ambako Meli Zilipanda Treni

Don Khon ni kisiwa kidogo cha wakulima wa mpunga na wavuvi, katikati ya mto Mekong, kusini kabisa mwa Laos. Ukidamka mapema, kutwa moja inakutosha kukizunguka kwa miguu. Na huko kuna mambo!

Visiwa vinavyozama na kuibuka
Don Khon ni kimoja tu cha Si Phan Don, funguvisiwa la mtoni linalosemekana kuwa na visiwa 4,000. Mvua zikikolea, Mekong hutanuka hapa hadi kilomita 14 na kuvimeza vingi, kiangazi huvirudisha. Mtembezi achague Novemba hadi Aprili.

Mapana kuliko Victoria
Maporomoko ya Khone, yanayovipitia visiwa hivi, yametandaa zaidi ya kilomita 10. Ya Victoria, kule Zambezi, hayafiki hata kilomita mbili! Kwa kimo Khone ni mafupi, mita 21 hivi, lakini kwa upana hayana mpinzani duniani. Nenda upande wa magharibi wa kisiwa, penye Li Phi, uone maji yakigombania njia kati ya miamba.

Manowari juu ya reli
Mwaka 1866 Wafaransa waliondoka Saigon wakitumaini kwamba Mekong ungekuwa njia ya meli hadi China. Khone ikawakatalia. Basi 1893 wakatandika reli kisiwani, wakapakia manowari zao ndogo juu ya mabehewa, wakazivusha nchi kavu na kuzirudisha majini juu ya maporomoko. Wanaoijua meli Liemba ya Ziwa Tanganyika hawatashangaa sana: nayo ilifika Kigoma kwa treni, ikiwa vipande ndani ya makasha.

Reli hiyo baadaye ilivuka daraja hadi kisiwa jirani cha Don Det, jumla kilomita 7 tu. Hata hivyo, mpaka 2009 Laos nzima haikuwa na nyingine! Treni zilikoma miaka ya 1940. Leo tuta lake ni njia ya miguu, daraja bado linapitika, na masalia ya vichwa vya treni yamebaki kisiwani na kutu yake.

Pomboo wa mtoni
Wageni walikuwa wakienda ncha ya kusini kuwatazama pomboo wa Irrawaddy. Wa mwisho upande wa Laos alikufa Februari 2022, na inauma. Waliosalia Mekong wako Kambodia.

Samaki wa bahari, mazazi mtoni
Yupo jamaa mmoja wa kambare, Pangasius krempfi, anayekulia Bahari ya Kusini ya China, kisha hupanda mto zaidi ya kilomita 700 na kuvuka Khone kwenda kuzaa. Hupenya kwenye mikondo iliyo kati ya visiwa, ambako maji hayaanguki wima. Wanasayansi walilijuaje hilo? Walipima nyama ya samaki waliovuliwa hapa hapa Khone, wakakuta ndani yake alama za kemikali za chakula cha baharini.