Shule za Kanisa Masisi na Walikale: Kumlea Mtoto Mzima

Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, shule ya Kikristo si ya matajiri wala si ya waumini peke yao. Kwa sehemu kubwa ndiyo shule ya umma yenyewe. Mwaka 1974 serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitaifisha shule za misheni, ikaelemewa, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba wa kurudisha uendeshaji wake kwa makanisa. Tangu hapo serikali hutoa mtaala, mitihani na mishahara (panapo mishahara), nalo kanisa husimamia shule. Ndiyo maana mzazi akitaja shule ya mwanawe hutaja na mwenye nayo: ya Kikatoliki, ya CBCA ya Wabaptisti, au ya CEPAC ya Wapentekoste.

Makanisa hayo husema kazi yao ni kumlea mtoto mzima: akili, mwili, moyo na roho. Huitegemea Injili ya Luka, inayomwonyesha hata Yesu akikua kidogo kidogo kama mtoto yeyote, mbele ya Mungu na mbele ya majirani. Ugumu uko kwenye utekelezaji, nao huanza na mwili. Katika vilima vya Masisi mtoto huondoka nyumbani ukungu haujapanda, tumbo tupu, amevaa shati jeupe na kaptula au sketi ya buluu, mkononi ameshika kibidoni cha njano chenye maji ya kunyunyizia sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za jimbo, njia hupita msituni, na mto ukifurika hakuna masomo. Mwalimu anayejua kazi yake humtambua asubuhi anayesinzia kwa njaa na anayetetemeka kwa malaria, kabla hajamwita mvivu.

Kisha huja suala la lugha, na hapo ndipo shule hizi hufanya kazi yao kubwa kuliko zote. Kwenye benchi moja ya Masisi hukaa anayesema Kihunde na anayesema Kinyarwanda. Walikale kuna Kinyanga, Kikumu na Kitembo. Madarasa ya mwanzo hufundishwa kwa Kiswahili, Kifaransa hushika nafasi baadaye. Kiswahili hakina kabila hapo, kwa hiyo hakuna mtoto anayeingia darasani akiwa mgeni. Si jambo dogo katika nchi hii. Mnamo Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Mwalimu anayepanga wanafunzi wakae mchanganyiko, daftari moja wakilisoma wawili, hufundisha upendo wa jirani zaidi kuliko anayeukaririsha katika kipindi cha dini.

Kipindi hicho kipo, pamoja na sala ya asubuhi na kwaya, ambayo aghalabu ndiyo inayopendwa zaidi. Mikono nayo ina zamu yake: bustani ya maharage, na salongo, yaani kazi ya pamoja, neno lililobaki tangu enzi za Rais Mobutu. Fimbo haijatoweka. Hata hivyo watawa Wakatoliki wa Wasalesiani, wenye kituo cha Don Bosco Ngangi mjini Goma kinachopokea watoto walioathiriwa na vita, hufuata mafundisho ya Yohane Bosco wa Torino, aliyetaka mtoto arekebishwe kwa hoja, dini na upendo badala ya kipigo.

Zamani misheni nyingi ziliona mila kuwa giza la kuondolewa, na hapo zilikosea. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, mwana wa chifu aliyekataliwa na baba yake, akapambana, na mwishowe wakapatana. Ulichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Somo la msamaha halikuhitaji kusafirishwa kutoka mbali.

Yanayovunja malezi haya yanajulikana. Machimbo ya koltani ya Rubaya huwavuta wavulana kwa pesa ya leo, kama ya bati ya Bisie yalivyowavuta zamani. Vita hugeuza madarasa kuwa malazi ya wakimbizi, na madawati huishia jikoni kama kuni. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019, ilijaza madarasa, lakini wapo walimu ambao bado hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo. Asubuhi hufundisha, mchana hulima.

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hupima yale yanayoandikika kwenye karatasi. Mengine hubaki chini ya buletini, yaani ripoti ya mwanafunzi, baada ya alama za hesabu na Kifaransa, kwenye mistari miwili: bidii na mwenendo. Mzazi asiyesoma Kifaransa huweka kidole hapo, akamwuliza mtoto pameandikwa nini.