Ua dogo na kichaka chake

Kifauongo kina tabia inayomuudhi mpiga picha: ukikigusa, kinalala. Asubuhi moja ya masika, pembezoni mwa kichaka huko Kimbiji, nilikuwa kifudifudi juu ya kanga kuukuu nikisogeza lenzi kwenye kiua chake cha waridi, kile cha nyuzinyuzi kisichozidi sana upana wa sentimita moja. Nikasogea, nikasogea tena, ukingo wa lenzi ukagonga jani. Vijani vyote vikajikunja. Maji hukimbia kutoka kwenye vifundo vilivyo shinani mwa vijani, navyo hujifunga. Kuinuka tena huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine robo saa. Siafu hawana subira ya kukungoja muda wote huo.

Kwa nini nisogee hivyo, na lenzi ya makro ya milimita 100 ingenipa ua lilelile nikiwa mbali kidogo, bila kuligusa? Kwa sababu lenzi hiyo huona pembe nyembamba. Ua litatoka safi, na nyuma yake patabaki rangi ya kijani iliyoyeyuka. Picha ya kupendeza, lakini haikuambii kama ua limeota Kimbiji, Kibaha au kwenye chungu barazani Masaki. Mimi nataka picha inayolionyesha ua likiwa kwao, na kazi hiyo ni ya lenzi pana inayokubali kusogezwa karibu sana.

Siri yake ni umbali. Ua la sentimita moja likiwa sentimita 5 mbele ya lenzi huchukua nafasi sawa na mkorosho wa mita 8 uliosimama mita 40 nyuma yake. Piga hesabu mwenyewe: yote mawili ni moja kwa tano. Ndiyo maana kimea usichokiona hata ukikikanyaga huweza kusimama kwenye picha kwa kimo cha mti, na mti wenyewe ukawepo.

Hapa wengi hukosea, hata waliozeeka na kamera shingoni. Husema lenzi pana hufanya kila kitu kionekane wazi, mbele na nyuma. Si kweli. Ukilikuza ua kwa kiwango kilekile na kuacha tundu la lenzi lilelile, unene wa sehemu inayotoka wazi unakaribiana, uwe na lenzi ya milimita 15 au ya 100. Kwa ukuzaji wa nusu ya ukubwa halisi na tundu la f/16 ni kama milimita 6 tu. Kinachobadilika ni ukungu wa nyuma. Doa la ukungu la kitu kilicho mbali sana hupatikana kwa kuzidisha ukuzaji kwa urefu wa fokasi, kisha kugawa kwa namba ya tundu. Kwa mfano huohuo, lenzi ya 100 inatoa doa la milimita 3 na ushei kwenye sensa ya kamera. Ya 15 inatoa nusu milimita hivi. Ni tofauti ya karibu mara saba. Mkorosho bado una ukungu, ila sasa unajua kwamba ni mkorosho.

Usishawishike kuliminya tundu mpaka mwisho ili kuuondoa ukungu huo. Unapokuza ua mpaka ukubwa wake halisi kwenye sensa, f/16 hufanya kazi kama f/32. Mwanga unaopenya tundu dogo namna hiyo hutawanyika, na picha yote hulegea, ua likiwemo.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kivuli. Lenzi ya Laowa ya milimita 15, iliyotoka mwaka 2015, hukuza mpaka ukubwa halisi, lakini ukifika huko kioo cha mbele kimebakiza chini ya nusu sentimita kuligusa ua. Mwanga utapita wapi? Kwa hiyo huwa narudi nyuma, natosheka na ukuzaji wa robo au theluthi, na kipande cha karatasi nyeupe ubavuni kurudisha mwanga. Siku ya mawingu ni bora kuliko siku ya jua kali. Flashi iwekwe pembeni, imefunikwa kwa kipande cha dumu jeupe la plastiki, isiunguze rangi za majani.

Huna lenzi hiyo? Jaribu simu. Kwenye simu kadhaa kamera ile pana zaidi inaweza kufokasi kwa karibu. Ya iPhone 13 Pro ya mwaka 2021, kwa mfano, hufika sentimita 2. Igeuze simu kichwa chini ili kamera ikaribie udongo, na ufute kioo kwanza. Ile kamera ya megapikseli 2 inayouzwa kwa jina la makro kwenye simu za bei nafuu, iache.

Kifauongo nakitumia kwa mazoezi tu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki na hakihitaji utetezi wangu. Ninaowafuata hasa ni wale wa chini ya miti: makangaga machanga na miche ya miti yenye majani mawili, wenyeji wa vichaka vya pwani hii na vya Pugu na Kazimzumbwi. Mmea ukikaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ya mkusanyo, mtaalamu atalihesabu kila petali, lakini kivuli na unyevu uliouzoea mmea huo havibandikiki. Hata mmea unaopandwa ugenini huviacha nyuma: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Usambara, aliupeleka kwao mmea mdogo wa maua ya zambarau kutoka upande wa Tanga. Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Leo jamii yake imejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na wengi wanaoimwagilia hawajawahi kuona mwamba wenye kivuli ilikotoka.

Basi ukienda kichakani, usifyeke chochote ili picha ipendeze. Jani kavu lisogeze, kisha lirudishe. Kagua nyoka kabla hujalala chini. Andika tarehe na jina la mtaa, na kama simu ina GPS, iwashe.

Ile picha ya kifauongo niliipata hatimaye. Nyuma ya ua, kwenye ukungu, kuna bikoni ya kiwanja. Niliporudi baada ya vuli, greda lilikuwa limeshapita. Bikoni ipo palepale.