Kijana Mbele ya Chanjo: Tumsaidie Namna Gani Kuamua?

Kati ya maswali ambayo vijana walituletea wakati wa ugonjwa wa korona, moja lilirudi mara nyingi kupita mengine. Halikuwa swali la wazee wala la watoto. Lilikuwa swali la watu wenye miaka 20 mpaka 35: mwalimu wa shule, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwendesha pikipiki, mama kijana mwenye mimba. Walisema: "Padri, ugonjwa huu unaua wazee. Mimi nina nguvu. Sindano ni ya nini? Na kama sindano yenyewe inaniletea ugonjwa, nani atanilisha?"

Swali hili si la kuchekwa, tena halikuisha pamoja na korona. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwisho wa hali ya hatari. Lakini tangu Septemba 2023 ugonjwa wa mpox wa namna mpya ulianza kuonekana Kamituga, kati ya wachimba dhahabu na watu wa soko, wengi wao vijana. Na tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo yake ilianza kutolewa Goma. Vijana waliuliza tena maneno yaleyale. Hatutaki kuwafundisha wasomaji wetu uganga. Kazi hiyo ina wenyewe. Tunataka kueleza namna padri au katekista anavyoweza kumsaidia kijana aamue kwa dhamiri nyofu.

I. Ekleziya imefundisha nini

Tarehe 21 Desemba 2020 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani, kama ilivyoitwa wakati ule, ilitoa maelezo juu ya chanjo za korona. Tukumbuke mambo matatu.

Jambo la kwanza: wengi walifadhaika kusikia kwamba chanjo nyingine zilitengenezwa au kupimwa kwa kutumia chembe zilizotokana zamani na mimba zilizotolewa. Kongregasio ilijibu kwamba, pasipo chanjo nyingine isiyo na shaka hiyo, mkristu anaweza kuzipokea bila dhambi. Anayezipokea hakuitaka dhambi ile, haikubali, na yuko mbali nayo. Waseminari watatambua hapa mafundisho waliyoyasoma juu ya cooperatio materialis remota.

Jambo la pili: kwa kawaida chanjo si wajibu wa dhamiri, na kwa hiyo ni lazima mtu aipokee kwa hiari yake. Padri anayesema altareni kwamba asiyechanjwa anatenda dhambi, anasema zaidi ya Ekleziya.

Jambo la tatu, ambalo watu wanalisahau upesi: hiari haimaanishi "kila mtu na mambo yake". Mtu anayeamua apime afya yake, apime pia mema ya wote, hasa ya wanyonge. Na anayekataa chanjo kwa sababu ya dhamiri, afanye bidii kwa njia nyingine asiwapelekee wengine ugonjwa. Papa Fransisko naye, mwezi wa Agosti 2021, aliita kupokea chanjo tendo la upendo. Tendo la upendo haliwezi kulazimishwa. Lakini aliyeitwa kulitenda hawezi pia kujifanya kama hakuitwa.

Basi, tusimwamulie kijana, wala tusimwache peke yake. Ndiyo njia ya katikati, nayo ni ngumu kuliko zile mbili.

II. Busara ina matendo matatu

Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kukata neno, kisha kutenda. Mafundisho haya yanatufaa sana hapa, kwa maana vijana wengi wanaruka tendo la kwanza. Wanakata neno mbele ya kuuliza, au wanauliza simu tu. Wengine wanauliza vema, wanapima vema, lakini hawatendi. Wanangoja mpaka chanjo iishe au ugonjwa ufike nyumbani.

Tuyaangalie moja moja.

III. Kutafuta shauri: kusema kweli yote

Kijana akija kwetu, anatazamia tumsifie chanjo au tumtukanie. Tusifanye hivyo. Tumpe kweli, hata ile isiyotufurahisha. Akigundua kesho kwamba tulimficha jambo moja, hatatusadiki tena hata tukimhubiri Injili.

Juu ya korona, kweli ni hizi. Hatari ya kufa iliongezeka sana pamoja na miaka: kijana mzima aliponea mara nyingi kuliko mzee. Katika Kongo serikali ilihesabu vifo chini ya 1,500 katika miaka ile yote. Hesabu hiyo ni pungufu, kwa sababu vipimo vilikuwa vichache na mbali. Lakini hata tukiongeza, kijana alikuwa na haki kutukumbusha kwamba surua peke yake iliua watoto zaidi ya 6,000 katika ugonjwa mkubwa ulioanza 2019.

Upande wa pili, vijana si wa namna moja. Mwenye mimba aliyepata korona alikuwa katika hatari kubwa kuliko mwanamke wa miaka yake asiye na mimba. Vivyo hivyo kijana mwenye ugonjwa wa sukari au mwili uliopungukiwa nguvu za kujikinga. Muuguzi alikutana na ugonjwa kila siku. Na hata kati ya vijana wazima, wengine walipona lakini wakabaki na uchovu na pumzi fupi kwa miezi mingi.

Chanjo nazo? Zilizuia vema ugonjwa mkali na kifo. Zilipunguza pia kuambukiza wengine, lakini si kabisa wala kwa siku nyingi, na zaidi tangu namna ya Omicron ilipotokea Novemba 2021. Kwa hiyo aliyemwambia kijana, "Ukichanjwa hutamwambukiza nkambo wako kamwe," alizidisha. Ilikuwa sawa kusema, "Utapunguza hatari yake."

Madhara nayo yalikuwako. Chanjo ya AstraZeneca, mara chache sana, ilileta ugonjwa wa damu kuganda, na vijana walipatwa kidogo zaidi kuliko wazee: katika Uingereza, mtu mmoja au wawili hivi katika watu 100,000. Chanjo za Pfizer na Moderna mara chache zilileta uvimbe wa moyo, hasa kwa vijana wanaume. Wengi wao walipona. Lakini habari iliyotembea kupita zote, kwamba chanjo inaondoa uzazi, haikuonekana kuwa na msingi wowote.

IV. Hofu ya sindano ina historia

Wengine wanasema kwamba vijana wetu wanaogopa kwa sababu ya ujinga. Tusikubali neno hilo upesi. Mwaka wa 1958, katika bonde la Ruzizi, chanjo mpya ya ugonjwa wa kupooza ilitolewa kwa watu zaidi ya 200,000, wakati ilipokuwa bado katika majaribio. Mwaka wa 1976, Yambuku, sindano zilizotumiwa mara nyingi bila kuchemshwa zilieneza Ebola kati ya wagonjwa waliokuja kutafuta dawa. Na mwezi wa Aprili 2020 waganga wawili wa Ufaransa walizungumza katika televisheni kwamba dawa ijaribiwe Afrika. Mkubwa wa Shirika la Afya Ulimwenguni mwenyewe aliyakemea maneno hayo kama mabaki ya ukoloni.

Nyuma ya hayo, dozi 1,700,000 za AstraZeneca zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021. Serikali ikazisimamisha kwanza, ikaanza kuzitoa tarehe 19 Aprili. Katikati, tarehe 7 Aprili, Uingereza iliamua kwamba watu wake wenye miaka chini ya 30 wapewe afadhali chanjo nyingine. Kisha dozi karibu 1,300,000 ziliondolewa Kongo kupelekwa nchi nyingine za Afrika, ili zisiharibike. Kijana wa Bukavu au wa Lubumbashi aliyesikia hayo yote alisema: "Wao wanaikataa, sisi tunaletewa."

Tumjibu namna gani? Tumweleze sababu. Uingereza haikusema kwamba chanjo ile ni sumu. Wenye miaka mingi waliendelea kuipokea. Ilisema kwamba kijana mzima ana hatari ndogo ya ugonjwa, na kwa kuwa chanjo nyingine ziko ghalani, afadhali apewe hizo. Kumbe ni mzani uleule wa busara: hatari huku, faida kule. Ubaya ulikuwa katika jambo jingine: mzani wa nchi tajiri ulikuwa na chanjo nyingi za kuchagua, wa kwetu ulikuwa na moja tu. Hasira ya kijana juu ya udhalimu huo ni ya haki, na Kongregasio yenyewe ilidai chanjo zifikie nchi maskini. Lakini hasira ya haki haijibu bado swali lake: mimi nifanye nini leo?

V. Kupima: kila mtu na hali yake

Hapa ndipo padri au katekista anasaidia zaidi, kwa kuuliza maswali manne. Wewe ni nani: una ugonjwa gani, una mimba, kazi yako ni nini? Unalala na nani nyumbani? Ugonjwa uko wapi leo, karibu au mbali? Chanjo gani iko mbele yako, na nani ameichunguza?

Tutoe mifano. Muuguzi kijana wa hospitali ya misioni anayeona wagonjwa kila siku: majibu yake yanaelekea upande mmoja wazi. Mama mwenye mimba, ambaye mama mkwe anamkataza: asikilize mganga aliyemwona katika vipimo vya mimba, naye mume wake asikilize pamoja naye, afadhali katekista amwendee mume kuliko kumwachia mke vita hiyo. Mwanafunzi mzima anayelala chumba kimoja na nkambo mwenye pumu: kwake mwenyewe faida ni ndogo, lakini nkambo anaingia katika mzani, na nkambo mwenyewe achanjwe kwanza. Mwanafunzi mzima anayekaa peke yake, baada ya ugonjwa kupungua: huyu hana haraka ileile. Shirika la Afya Ulimwenguni lenyewe, mwezi wa Machi 2023, liliweka wazee, wenye mimba, wagonjwa na watumishi wa hospitali mbele ya vijana wazima.

Juu ya mpox mzani ulibadilika tena. Kamituga, vijana hawakuwa watu wa pembeni. Wao walikuwa katikati ya ugonjwa. Dozi zilikuwa chache, zikapelekwa kwanza kwa waliomgusa mgonjwa na kwa watumishi wa afya. Kijana aliyeitwa pale hakuweza kusema, "Huu ni ugonjwa wa wazee." Basi, asitumie jibu la korona kwa kila ugonjwa, awe alikubali awe alikataa. Busara inapima upya kila mara.

VI. Kutenda, na imani ya watu

Katika Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 walipokea chanjo, wengi wao vijana. Lakini katika siku zilezile nyumba za kutunzia wagonjwa zilichomwa Katwa na Butembo, na tarehe 19 Aprili 2019 mganga wa kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo akiwa kazini. Wagonjwa zaidi ya 2,200 walikufa. Mahali ambapo watu hawasadikiani, hata dawa njema inakufa mlangoni.

Imani hiyo haiundwi siku ugonjwa unapofika. Inaundwa mbele. Kwa hiyo tunawashauri ndugu zetu makatekista na waseminari mambo machache. Mjue mganga mmoja na muuguzi mmoja wanaosema lugha ya watu, na mwaalike katika jumuiya zenu, watu waulize bila haya. Msisome altareni barua ya simu isiyojulikana imetoka kwa nani. Msiseme, "Nimechanjwa, nanyi fanyeni hivyo," bila kueleza sababu. Wala msiseme, "Mimi nimekataa," kwa maana kijana atachukua kukataa kwenu kama fundisho la Ekleziya. Aliyechanjwa na asiyechanjwa wapokelewe sawasawa katika kwaya na mezani kwa Bwana.

Na kijana akishapima, tumwambie akate neno. Kama ameona kwamba inafaa, aende wiki hii, akapeleke pia karatasi ya magonjwa yake kwa muuguzi. Kama ameona kwamba haifai kwake, ajue kwamba bado ana deni: anawe mikono, akae mbali akiwa na homa, asimkumbatie nkambo wake siku anapokohoa. Namna moja au nyingine, atoke kwetu akiwa na tendo la kutenda.

Bwana wetu alipoponya wagonjwa, mara nyingine aliuliza kwanza: unataka nikufanyie nini? Nasi tuulize hivyo, tungoje jibu, kisha tutembee pamoja na kijana mpaka mlango wa hospitali, kama amechagua kuuingia.